Mwanaidi Asitoke Mbele

Mama Komba, mwalimu wangu,

Darasa la kwanza B ninalo mimi sasa. Ndiyo, mimi Salma, yule niliyekuwa nakwambia kila siku pale ofisini kwamba la kwanza ni darasa la adhabu, la kufuta makamasi na kufunga kamba za viatu, na kwamba mimi nimesomea kufundisha insha. Ulikuwa unapuliza chai yako, unacheka, unasema, "Salma, hao wa la tano unaowafundisha insha, nani aliwafundisha kusoma?" Ulipotutoka, mwalimu mkuu aliingia ofisini kutafuta wa kushika darasa lako. Walimu wote wakainamia madaftari. Mimi nilichelewa kuinama.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelibeba miezi kadhaa, na sina mwingine wa kumshushia mzigo huu. Lakini ngoja nianze na mazuri.

Watoto wako wanasoma. Si wote, ila wengi. Ule mtindo wako wa sauti nimeuendeleza, ingawa mwanzoni niliona aibu. Mwanamke mzima, na baibui langu, nimesimama mbele ya watoto nasema "sss" kama mafuta ya mandazi, "mmm" kama mtu aliyeonja pilau, "p" nikipeperusha kipande cha karatasi kwa pumzi. Ulikuwa ukiniambia herufi ina jina na ina sauti, na mtoto hasomi kwa majina. Ukimwimbisha majina ya herufi atakuimbia kama kasuku, lakini ukimpa sauti zenyewe, zitafuatana mdomoni mwake mpaka ziwe neno, na neno hilo atalijua ni lake. Sikukuamini. Juzi kaja baba mmoja muuza vitenge sokoni, kanuna: "Mwalimu, mwanangu nyumbani ananguruma na kupuliza vipande vya karatasi. Hapa mnafundisha kusoma au mnafundisha maigizo?" Nikamwita mtoto, nikampa kipande cha gazeti nilichofungiwa vitumbua. Akaweka kidole. S... su... suka... "Sukari!" Baba mtu akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka bila kuaga. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushike ubavu.

Haya. Sasa lile jambo.

Ni Mwanaidi. Mtoto wa yule mama wa Newala anayewauzia chai na chapati mafundi vyuma wa mtaa wa Gerezani, nyuma ya ukuta wetu. Ulimkalisha dawati la mbele kabisa, katikati, na hukumhamisha hata siku moja. Sisi ofisini tulisema ni kwa ajili ya chapati za mama yake. Hapana, nisijifiche nyuma ya "sisi". Nilisema mimi. Siku moja nilipita dirishani nikamwona amekushika koo kwa vidole vyake, wewe unasema "b", halafu "p", halafu "b" tena, na yeye kakukodolea macho mdomoni. Nikaenda kuwaambia wenzangu, mama huyu sasa kazidi, mtoto anamshika mwalimu koo kama anakagua embe.

Halafu ile siku ya hospitali. Nilikuja na uji kwenye chupa, nikakuta umekonda, sauti imekuwa ndogo. Nikakupa salamu za shule nzima. Ukanishika mkono ukasema, "Salma, Mwanaidi asitoke mbele." Nikakwambia, "Pumzika, mama, watoto wote wapo, wanakusalimia." Ukarudia. "Asitoke mbele, Salma. Yule mtoto..." Na mimi nikakukatiza. Nikakufunika shuka nikasema mambo ya shule yana wenyewe, wewe shughulika na afya yako. Muuguzi akaja kutuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Nikaondoka. Njia nzima mpaka kwangu Magomeni nilikuwa nawaza, hata kitandani hapa bado anamtetea mtoto wa chapati.

Siku ya nne yake tukapata habari. Wiki ile ile wakakusafirisha kwenu Songea kukuzika.

Nilipopewa darasa nilitaka kuonyesha kwamba mambo sasa yana utaratibu. Nikawapanga upya. Wafupi mbele, warefu nyuma. Mwanaidi ni mrefu kuliko wenzake wote, unajua, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kujitetea nayo. Nikamweka dawati la mwisho, pembeni, karibu na dirisha la upande wa mafundi.

Mama, yule mtoto alizimika. Uliniachia mtoto anayeunga silabi, anayesoma "bata" na "kuku" na "sufuria". Baada ya wiki tatu hakuwa anasoma kitu. Nikiuliza swali anaangalia wenzake wamefanya nini ndipo naye afanye. Wakisimama anasimama, wakichelewa kukaa naye yumo. Nikiwageuzia mgongo kuandika ubaoni na kutamka sauti, darasa zima linaitikia, yeye kimya. Nilidhani ananisusia kwa ajili yako. Nikasema kiburi hiki nitakiondoa. Siku moja nikamsimamisha mbele ya wenzake, na naandika maneno haya yote kwa sababu nataka uyajue kama yalivyotoka kinywani mwangu. Nilisema, "Kumbe muda wote ule ulikuwa unapasishwa kwa chapati tu?"

Watoto walicheka. Kuanzia siku ile wakamwita Chapati. Naye alitabasamu, maana hakujua wanachocheka ni nini.

Unaijua shule yetu. Kushoto mafundi wanagonga vyuma, kulia barabara, na upepo ukitokea sokoni unatuletea vipaza sauti vya wauza viatu. Kila mtu hapa anapiga kelele, walimu kwa wanafunzi. Mtu asiyesikia katika shule kama hii atajulikanaje?

Ilikuwa Ijumaa, saa ya sala. Mafundi walikuwa wamekwenda msikitini, vyuma vimenyamaza, na mimi nilikuwa nawapa watoto imla huku napita katikati ya madawati. Nikafika nyuma kabisa, nyuma ya Mwanaidi. Nikasema, "Andikeni: baba." Penseli zote zikaenda. Ya kwake haikwenda. Nikasema tena. Yeye anachungulia kwa jirani. Nikamwita jina. Kimya. Nikamwita tena, darasa zima likageuka kunitazama, yeye hakugeuka. Nilipomgusa bega alishtuka mpaka penseli ikamdondoka.

Nikazunguka nikaja mbele yake nikachuchumaa. Nikasema, "Baba." Akaniangalia mdomo, akaandika haraka haraka, kwa mwandiko ule ule uliomfundisha: *papa*. Nikasema, "Bata." Akaandika *pata*. Mimi nimesimamia imla miaka tisa, mama, na sikuwahi kuona makosa ya namna ile. Hakuwa hajui herufi. Alikuwa anaandika alichokiona. Jaribu mwenyewe mbele ya kioo, midomo ya "baba" na midomo ya "papa" ni ile ile. Ningemjaribu na "mama" nina hakika angeniandikia yule yule samaki papa.

Basi nikiwa bado nimechuchumaa pale, nimeduwaa, akanyoosha mkono. Taratibu, kama anayeomba ruhusa, akaniwekea vidole kooni. Akasubiri. Nikasema, "Baba." Koo likatetemeka chini ya vidole vyake. Akatoa mkono, akafuta ile *papa* kwa kidole chenye mate, akaandika *baba*.

Nilitoka nje nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia, na nilikaa huko mpaka mafundi waliporudi kazini.

Siku ile ile nilikwenda kwa mama yake. Nilimkuta anasukuma chapati, nikamweleza, akaacha kijiti cha kusukumia juu ya kibao. Akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani jeuri. Nikimwita haji, namchapa." Halafu akaniambia ambacho sikukijua: ulikuwa umekwisha kumwambia kwamba likizo ikifika mtampeleka mtoto hospitali pamoja, kisha wewe ndiye ukalazwa. Naye hakuthubutu kwenda peke yake. Alisema anaogopa yale madirisha ya hospitali yenye maandishi, hajui kusoma, hajui aanzie wapi.

Tulikwenda watatu. Daktari alikuta ngoma ya sikio la kushoto imetoboka, kuna usaha wa siku nyingi. La kulia linasikia, lakini kidogo. Tukapewa dawa ya matone. Nikarudi darasani, nikiamini nyumbani mambo yanakwenda.

Asubuhi ya nne Mama Mwanaidi akaja shuleni mbio, aproni kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko, kamshika mtoto mkono. "Mwalimu, huyu kanigomea! Hataki dawa! Nikimwekea anageuza kichwa!" Mwanaidi alikuwa kashika ile bahasha ndogo ya dawa, ile ambayo muuguzi alikuwa ameiandika kwa kalamu ya bluu. Akaniinulia, akaweka kidole chini ya neno. Ku... sho... to. Kisha akajishika sikio la kushoto. Kisha akamnyooshea mama yake kidole, akatikisa kichwa, akajishika la kulia. Siku tatu zote mama alikuwa anatia dawa sikio lisilo lenyewe.

Mama yake akaniuliza, "Kweli imeandikwa hivyo?" Nikasema kweli. Akamtazama mtoto wake kama ndiyo kwanza anazaliwa. "Kasoma," akasema. "Huyu? Kasoma mwenyewe?" Akaketi pale pale kwenye ngazi ya darasa, akavuta kichwa cha mwanawe mapajani, akamgeuza mpaka sikio la kushoto likawa juu.

Usaha umekauka sasa. Daktari kasema sikio hilo halitakuwa kama la watu wengine, lakini linapona, na la kulia lipo. Dawati lake ni lile ulilompa wewe. Sigeuki ubaoni tena huku nasema. Naandika kwanza, nanyamaza, halafu nawageukia. Nimewajaribu watoto wote, mmoja mmoja, kwa kuwaita nikiwa nyuma yao, na nimempata mwingine, Ezekieli, ambaye nilikuwa nimekwisha kumwandika mzito wa kuelewa.

Jumatatu iliyopita nilimwomba Mwanaidi radhi. Mbele ya darasa, maana mbele ya darasa ndipo nilipomkosea. Nilichuchumaa nikasema polepole kwamba mwalimu alisema neno baya, neno lile lilikuwa uongo, na kuanzia leo hakuna atakayemwita vile. Nadhani wenzake hawakuwa wamewahi kuona mtu mzima akifanya hivyo. Mwanaidi alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamuuliza kama ana neno la kusema.

Akauliza, "Mama Komba anarudi lini?"

Mama, hakuna aliyemwambia. Mwalimu mkuu alitangaza paredi, kwa kipaza sauti kibovu, Mwanaidi amesimama mstari wa nyuma. Nyumbani walimwambia umesafiri, kama watoto wanavyoambiwa. Kwa hiyo miezi yote hiyo, akilini mwake, wewe ulikuwa umeondoka tu, na siku uliyoondoka yeye akapelekwa nyuma.

Nikawaacha wenzake wachore, nikamchukua tukakaa kivulini mwa ukuta. Nikamwambia kwamba uliugua sana, kwamba umefariki, kwamba umezikwa kwenu Songea. Nilirudia neno "amefariki" mara mbili ili nisimwachie shaka. Aliutazama mdomo wangu kwa muda mrefu hata baada ya mimi kunyamaza. Halafu akasema, "Kumbe hakunikasirikia."

Nikamwambia hapana. Hata kidogo. Nikamwambia ulimtaja kitandani, na nilichokatiza siku ile nikamfikishia yeye, chote nilichokuwa nacho.

Mwalimu mkuu anataka kunirudisha la tano mwakani. Nimemkatalia. Nakuahidi nitabaki na hawa wadogo, na mtu akinishika mkono kuniambia habari ya mtoto, hata akiwa mgonjwa, hata nikiwa na haraka, nitakaa chini nimsikilize mpaka amalize.

Wenu walikusomea misa, mimi nakuombea kwa dua zangu, najua zinafika. Nisamehe, mama. Pumzika sasa, usihangaike tena na sisi. Kengele inagongwa, wananingoja.

Mwanafunzi wako,
Salma