Masikio ya Zabibu

Mama,

Zabibu yupo. Naanza na paka wako kwa sababu najua ungemuulizia yeye kabla yetu.

Wiki ile tuliyokuzika nilimuumiza. Nilitaka kumaliza upesi kumpima sukari yake, nikawa namtoboa palepale kila asubuhi, sikio la kushoto, bila hata kulipasha joto. Likavimba, likafanya kigaga. Nikishika tu mashine ya sukari, anakimbilia chini ya kabati. Kaka Idi akasema, "Kamtupe sokoni huko! Mama kafa kwa sukari, sie tunahangaika na sukari ya paka?" Hata mie nilikuwa nawaza hivyohivyo.

Nikampeleka kwa yule daktari wa mifugo aliyekufundisha kumpima. Akatikisa kichwa. "Mama yako hakuwahi kuniletea sikio kama hili." Akaniambia nilipumzishe, nihamie la kulia: nilikande kwanza kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, niweke pamba nyuma yake, nitoboe ukingoni, mbali na mshipa, halafu nibane taratibu mpaka damu ikate. Yote hayo nilishayaona kwako. Ulikuwa ukimpakata barazani, unamwambia, "Tulia mwanangu, kidogo tu," naye anatulia. Nikikuuliza, "Na wewe je, Mama?" unajibu, "Mie nishapima tangu alfajiri. Iko sawa."

Ulinidanganya, Mama.

Ile mashine inatunza vipimo, hukujua? Nilikaa kitandani kwako nikavifungua kimoja kimoja, daftari ulimoandika vipimo vya Zabibu mapajani. Vyote vyake. Chako hakuna. Hata kimoja! Miezi yote ile kidonda kinakuchimba mguu, unavaa soksi, unasema viatu vimekubana. Siku walipokukata mguu ulitutazama kama vile sie ndio tuliokuficha jambo.

Uliogopa kujua. Sawa. Lakini mkono uliotoboa sikio la paka bila kumuumiza, ulishindwaje na kidole chako? Ungeniita. Nililala chumba cha pili, Mama. Na mie mjinga, nilikuamini kwa sababu nilikuwa nawahi kazini Kurasini.

Sikio limepona, manyoya yanaota.

Jumapili Idi alikuja. Akamaliza jagi zima la maji, akaenda chooni mara tatu. Nikamwambia, lete kidole. Akacheka, eti ni jua tu. Nikamkamata mkono, nikamtoboa. Namba ilipotokea, hakucheka tena. Kesho yake nilimburuta hospitali ya Mwananyamala. Ameanza dawa, na hasemi na mimi. Asiseme.

Zabibu nitamtunza mpaka mwisho wake. Na yeyote atakayelala nyumba hii, kipimo chake nitakiona kwa macho yangu, akasirike asikasirike.

Pumzika, Mama. Kaburini sijafika tangu siku ile, na leo pia siji. Hasira zikipoa, nitakuja kukusalimia.

Mwanao,
Rehema