Viti vya Gari la Mzee Masanja

Mjukuu wangu Kabula, mwangaluka. Huku Dutwa tu wazima, pamba imeanza kupasuka. Umeuliza kwa nini nimekataa kochi la marehemu bibi yako lishonwe upya.

Ujanani, nikiwa fundi wa viti Bariadi, Mzee Masanja aliniletea gari lake kuukuu la Kimarekani. Alikuwa amefiwa na mkewe, akataka ndani liwe kama siku alipomwoa. Nilitoa sponji zote, nikashona ngozi nyekundu, nikang'arisha vishikio vya milango.

Mzee aliingia, akainamia kiti cha mkewe, akanusa.

“Umelipendezesha, baba. Lakini harufu yake ilikuwa humu. Sponji za zamani ziko wapi?”

“Nimezichoma, mzee.”

Alifunga mlango taratibu, akaliacha gari pale, akarudi kwao kwa miguu.

Babu yako anayekukumbuka.