Tairi za Kufika Kwenu

Shangani, Mtwara
12 Januari

Mwanangu Riziki,

Assalaam alaykum. Mimi na mama yako hatujambo. Presha yake imetulia.

Jana nilikwenda Chikongola kununua tairi za gari, kwa kuwa za zamani zimebaki vipara. Muuzaji alinipa za lami. Nikamwambia ninataka za majira yote, zenye kashata nene, yaani meno ya kushika ardhi, zinazopita mchangani wakati wa kiangazi na kwenye tope wakati wa mvua.

"Mzee wangu, safari zako si msikitini na sokoni tu? Au umeoa bi mdogo shamba?"

Dukani wote wakacheka. Nikamjibu, "Ninakwenda kumchukua binti yangu, aje kujifungulia kwa mama yake." Muuzaji akaenda akazileta.

Ninajua kwamba uzazi wa kwanza ni wa nyumbani kwa mama, na kwamba umeogopa kuomba. Niliapa kuwa gari langu halitafika kwa mume uliyemchagua kinyume cha shauri langu. Miaka miwili nimesingizia ubovu wa njia ya kijijini kwenu, mbele ya Nanyamba. Njia haikuwa na kosa.

Nitafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, hata mvua ikinyesha. Usinisubiri barabarani na mzigo wako. Mwambie mumeo, Mustafa, kwamba nitaingia ndani, nitakaa, na nitakula chochote atakachoniandalia.

Baba yako,
Rajabu Nangumbi