Selotepu na Nikeli

Jumatatu, 4 Machi

Utandu umebanduka tena. Trei nzima. Nimebandika selotepu juu ya kioo, nikaikandamiza kwa kidole, nikavuta — nikeli ikaja nayo, inang'aa kwenye gundi kama magamba ya samaki. Lakini pembeni tu. Mabaka mawili, huku na huku. Katikati imeshika vizuri.

Hivi ni vioo vya vipima joto. Mteja hataki hata doa. Mle ndani ya mtambo pampu inafyonza hewa yote, umeme unaipiga sahani ya nikeli, na nikeli inalala juu ya kioo, ngozi nyembamba isiyo na mfano. Kazi yangu hiyo. Naijua.

Meneja kaja, katazama, katoa hukumu: sahani mpya ni nikeli chafu. Nikamwambia cheti kinasema asilimia tisini na tisa nukta tisa tisa. Kasema cheti hata mwanawe wa darasa la nne anaweza kuchapa.

Jumanne, 5 Machi

Baba Pacha wa stoo kaitwa ofisini, maana ndiye aliyepokea sahani mpya. Meneja anadai kaibadilisha, ile safi kaiuza nje. Kikao ni Ijumaa, na barua ya kumfukuza nasikia ishaandikwa. Kila asubuhi huyu mtu hunichokoza — bibi mtambo, leo umeamka na kisirani kipi? Leo kapita kimya. Imeniuma.

Mimi sikubali. Nikeli ingekuwa chafu, utandu ungebanduka popote, hauchagui pembeni. Pembeni ndipo mtu anaposhika kioo.

Basi nimeosha vioo vitatu mwenyewe, nikavichanganya na vingine kwenye trei moja, sahani ile ile mpya. Vyangu vimeshika kila mahali. Vingine vyote, mabaka.

Na hivyo vingine kaviosha mdogo wangu, aliyeanza kazi ya kuosha wiki ile ile tulipofunga sahani mpya.

Jumatano, 6 Machi

Nimesimama mlangoni mwa chumba cha kuoshea. Kanipa mgongo, hakuniona. Akachota mafuta ya mgando kwenye kikopo, akajipaka mikono yote miwili, ndipo akavuta glavu. Kwa mikono ile ile! Glavu safi, nje imeshalowa mafuta.

Niliyomwambia siyaandiki hapa. Mdomo wangu naujua. Yeye kanionyesha viganja tu. Nyufa, nyingine zinatoa damu. Ile dawa ya kuoshea inamla ngozi. Kasema, dada, kuvaa glavu bila mafuta ni kama kuvaa upupu. Kasema alidhani glavu zinazuia kila kitu.

Hajathibitishwa kazini bado. Mimi ndiye niliyemsemea kwa Meneja. Wakijua, anatoka leo leo, na mtoto wake mgongoni. Nimetupa kikopo. Nimemwagiza anawe kwa sabuni, abadilishe glavu, afunge mdomo. Nikajiona mjanja.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejichimbia shimo mwenyewe.

Meneja kaamuru jaribio: tufunge sahani ya zamani, ile iliyobaki kidogo, tupake vioo vipya. Vikishika, kosa ni la nikeli mpya, mjadala umekwisha.

Vimeshika vyote. Si mdogo wangu kaviosha kwa mikono safi, kama nilivyomwagiza! Meneja kavuta selotepu yeye mwenyewe, kioo baada ya kioo, haikuja na kitu. Kaniuliza, umeona? Nimeona. Nikaomba basi turudie na ile mpya. Kasema ishafungwa kwenye kasha, inarudishwa, na mtu asiliguse.

Baba Pacha kanisubiri kwenye korido. Kasema, wewe ndiye fundi, niambie ukweli, nikeli yangu ni mbovu? Nikamjibu sijui. Ulimi huu huu. Nimeona haya mpaka nikashindwa kumtazama.

Nyumbani nimemweleza mdogo wangu yote. Kaendelea kumlisha mtoto, kijiko kinakwaruza bakuli.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimekaa juu ya ndoo, kando ya mtambo.

Mkurugenzi anakuja kwenye kikao, na Meneja anataka kumwonyesha kwa macho: trei nyingine, sahani ya zamani, selotepu mbele yake. Kisha Baba Pacha apewe barua.

Nilipofuata vioo, mdogo wangu alikuwa na kikopo kipya. Kakifungua mbele yangu. Kajipaka taratibu, mpaka katikati ya vidole. Kavuta glavu. Kashika kioo cha kwanza pembeni, huku na huku, akakilaza kwenye trei. Cha pili. Cha tatu.

Nikamuuliza, unajua unachofanya? Kasema, najua, vikibanduka hata kwa sahani ya zamani, nikeli mpya haina kosa. Kasema, dada, leo usinisemee. Nitajisemea.

Ningeweza kuviosha upya. Muda ulikuwepo. Nimesimama na ile trei mikononi, nikamfikiria mtoto, nikamfikiria Baba Pacha kwenye benchi la korido na shati lake la kikao. Kisha nimeipakia. Nimefunga mlango. Nimewasha pampu.

Sasa kidirisha kinawaka zambarau. Nikeli inalala juu ya alama za vidole vyake. Kwenye korido viatu vya Meneja vinakuja, anamchekea Mkurugenzi.

Mdogo wangu kasimama hapa kando yangu. Kavua glavu. Kaninyooshea mkono wenye nyufa, anataka selotepu. Anasema ataivuta mwenyewe.