Neno Void na Ndoa Yangu

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje, na ile baridi ya Pito imeshaanza kukubana? Najua macho yako, kwa hiyo Kaka Deus ndiye atakayekusomea. Kaka, soma taratibu, na ukifika mahali pagumu usiruke. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini. Nimeandika kwa sababu kwenye simu wewe ungelia na mimi ningenyamaza, hadi salio liishe hivyo hivyo.

Nianzie kazini. Unajua huku Uingereza niliacha kutunza wazee. Kule manesi Waingereza walikuwa wakiniuliza kila asubuhi kama babu fulani amefanya void, nami najibu ndiyo, nikidhani ni devotion, kwamba wanauliza kama amesali. Kumbe ni kukojoa. Siku hizi nasafisha nyumba za kupangisha. Mpangaji akihama au akifariki, nyumba ikabaki haina mtu, nayo wanaiita void. Mwenzangu Akosua, dada mmoja wa Ghana, hunipigia asubuhi: "Leo tuna void mbili." Tunaingia na ndoo, tunabandua mazulia, tunasugua. Nimelizoea neno hilo kama nilivyolizoea neno fagio.

Sasa nikueleze habari za mkweo Filbert.

Jumamosi moja mwezi uliopita alikuwa anaoga, simu yake ikaita mezani. Nikaona namba ya Tanzania, nikapokea nikidhani ni ndugu zake.

"Baba Happy yupo?" akauliza mwanamke.

"Umekosea namba, dada. Hii ni simu ya Filbert."

"Ndiye huyo huyo. Mwenzangu ni nani?"

"Mimi mke wake."

Nilisikia kuku, na mtu akitwanga kwa mbali. Kisha akasema, wala hakupandisha sauti, "Mimi naitwa Sesilia, niko huku Mtowisa. Tulifunga ndoa kanisani, cheti ninacho, na watoto wawili. Sasa kama mke ni wewe, mimi ni nani?"

Filbert alipotoka bafuni nilimkabidhi simu, na jinsi alivyoipokea nikajua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla yako. Nilitaka kukuambia."

Akaeleza yote akiwa amekaa kitandani na taulo. Mama, wale wazee wawili walioleta posa, ukawachinjia mbuzi na kuwatandikia mkeka mpya, si baba zake wadogo. Aliwaomba tu Sumbawanga mjini, wakaja kwa niaba ya ukoo wasioujua. Na Mbeya aliyosema ndiko kwao, hajawahi kuishi.

Sesilia alinitumia picha ya cheti chake. Akosua akanipeleka kwa mwanasheria, mama mmoja wa makamo. Alikisoma kwa msaada wa mkalimani, akavua miwani, akasema ndoa yangu ni void.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamwambia void ni nyumba, mimi nazisafisha. Hakucheka. Akasema neno ni hilo hilo, ila kwenye sheria ni kitu ambacho hakikuwa na nguvu tangu siku ya kwanza.

"Kwa hiyo ni talaka?"

"Talaka inavunja ndoa. Kwako hakuna cha kuvunja. Mahakama itasema tu kwamba haikuwepo."

"Nimeishi naye miaka sita."

"Najua," akasema. "Pole sana."

Kaka Deus atakwambia kwa Kiswahili ni batili. Nimejaribu kutafuta la Kifipa, sikulipata. Kwetu hata nyumba iliyofiwa haiwi tupu, inaendelea kuitwa kwa fulani.

Sikulia, Mama. Hilo ndilo linalonitisha. Kesho yake nilikwenda kazini nikasugua jiko la bibi mmoja marehemu, mahali pamoja tu, mpaka rangi ikatoka. Akosua akanishika mkono. "Inatosha, dada." Ndipo nikaona maji yalikuwa ya baridi kabisa na vidole vimekufa ganzi.

Filbert amehamia kwa rafiki yake. Alirudi mara moja tu, kuniomba nisubiri. Anasema atamwacha Sesilia kisheria, halafu tufunge upya, safari hii iwe halali. Nikamwambia nguo zake ziko kwenye begi, achukue. Sikupiga kelele. Alinitazama kama anayesubiri kelele.

Jumapili baada ya misa nilimpigia Sesilia.

"Nilidhani utanitukana," akasema.

"Sina tusi."

Akauliza kama Filbert anakula vizuri, maana zamani alikuwa na vidonda vya tumbo. Nikamwambia anakula, pilipili ameacha. Akashukuru. Kisha akasema Happy yuko darasa la saba na miaka yote anajua baba yuko masomoni. "Nimwambie nini?" Nikamwambia sijui. Hatukukata simu. Tulikaa tu, kila mtu kwake.

Juzi nilijaza fomu ofisini, wakauliza hali ya ndoa. Si mjane, si mtalaka. Karani akasema niandike sijawahi kuolewa. Nikaandika.

Nikipata likizo nitakuja mwezi wa saba, peke yangu. Watu wakiuliza mkweo yuko wapi, waambie ukweli sasa hivi, kabla sijafika. Na ukisikia mtu anamsema vibaya yule mwanamke wa Mtowisa, mkataze.

Msalimie wifi, mke wa Kaka Deus, na watoto. Msalimie mama mkubwa wa Muze. Shangazi aliyepiga vigelegele siku ya posa, mwambie asijilaumu, sote hatukujua. Katekista aniombee.

Ukishasomewa yote, nipigie. Usiniulize kitu, Mama. Niambie tu leo mmepika nini.

Mwanao,
Leokadia