Mkono Mmoja Juu

Mama, mwaka umetimia tangu asubuhi ile ulipokuwa ukipiga pasi gauni lako la kikao, ukiimba kwa mdomo uliofumbwa kama kawaida yako. Wimbo ukakatika. Baba alipokimbilia chumbani, pasi ilikuwa ya moto bado, nawe hukuwa nasi tena.

Ulikuwa mkunga kabla hujawa diwani. Ulichoka kuzalisha wanawake kwa mwanga wa simu, ukasema unaingia barazani ukawatafutie wodi. Mjomba wetu alikucheka: "Dada, serikali ni chungu cha wenyewe. Wewe utaishia kupuliza moto na kufuta macho."

Ukamjibu, "Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Acha nikalale."

Ukalala, ukawajua wote. Siku walipotaka kiwanja cha wodi kiwe kituo cha mafuta, mwenyekiti aliuliza wanaoafiki, ukumbi ukanguruma "Ndiyooo!" Ukainua mkono peke yako kupinga, ukadai kura zihesabiwe.

"Mama, mkono mmoja tunauona bila kuhesabu," akasema. Wakacheka.

"Uhesabuni hivyo hivyo, msije mkasema hamkuuona."

Wakati wa chai wakakunong'oneza: nyamaza, mwakani utakuwa makamu mwenyekiti. Uliutaka umakamu, Mama, wala hukutuficha. Hata uenyekiti uliutaka. "Lakini si kwa mdomo ulioshonwa," ulituambia jioni ile, ukitukatia mkate vipande vinene, maana vyembamba uliviita vya wagonjwa.

Ulishindwa kura ile. Kikao kilichofuata ukainua tena, mikono ikawa mitatu.

Sasa aliyerithi kiti chako huitika ndiyo kabla swali halijaisha. Mkataba wa kiwanja haujatiwa saini bado, na uchaguzi uko mlangoni.

Jana tuliketi kuandika tangazo hili. Mjomba akasema, "Malizia na 'Daima tutakukumbuka', inatosha."

Mimi, kitinda mimba wako, uliyenitania kwamba hata kuku simudu kumfukuza, nikasikia sauti yangu: "Haitoshi, Mjomba. Nakitaka kiti cha Mama. Nagombea."

Hakuna aliyecheka. Baba alinyanyuka, akalitoa gauni lako kabatini, akachomeka pasi.

Unakumbukwa na mumeo. Wanao wawili wakubwa. Kaka yako, anayezunguka mtaani tangu alfajiri akinitafutia wadhamini. Wanawake uliowazalisha gizani. Na mgombea wako.

Daima tutakukumbuka, Mama, tena kwa mkono juu.