Anayemtazama Mwenzake Naye Aonekane

Kamalondo, Lubumbashi
Jumatatu, kabla ya kufungua duka

Yaya Prosper, kaka yangu,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Odette na watoto wote. Mmelalaje huko Kalemie? Ziwa limetulia? Na mtoto wetu Exaucé, homa imeshuka au bado anashinda kitandani? Mimi nipo. Nikisema ni mzima kabisa nitakuwa nimeongeza chumvi. Shule ziko karibu kufunguliwa, kila mzazi wa Kamalondo amekumbuka ghafla kwamba mwanawe hana sare, na umeme unakuja siku unapojisikia. Nashona kwa cherehani ya mguu, napiga pasi ya makaa, na jioni mgongo umekufa ganzi.

Ile sauti uliyonitumia kwa simu niliisikiliza, tena mara nyingi. Unasema mtoto anaumwa, anapona, anaumwa tena. Unasema mtu wa maombi alikuja, akawasimamisha wote uani, akaona giza limemzunguka Mama Feza, akasema ndiye anayemroga mtoto. Baraza la familia limekaa, wote wamekubali atolewe nyumbani, mnasubiri neno langu tu, maana kwetu shauri halikatwi mpaka aliye mbali naye aseme lake. Sikukujibu, na si dharau, Yaya. Kuna uchovu unaofunga mdomo.

Leo najibu, ila nivumilie nianzie mbali, kwenye mchezo. Usicheke.

Jumapili baada ya misa huja watu watatu dukani kwangu. Honoré, dereva wa lori, ndiye aliyetuletea mchezo wenyewe. Alifundishwa na madereva wenzake kwenye foleni ya Kasumbalesa, pale ambapo mtu huota ndevu akingoja kuvuka mpaka. Yuko Papa Kalonji, muuza viatu, ambaye wazazi wake walitoka Kasai na maneno yote wakamwachia yeye. Na Nadine, muuguzi wa zahanati ya jirani. Tunasogeza vitambaa, tunakaa kuzunguka meza ya kukatia. Mimi nasimulia hadithi, na kila mmoja wao ni mtu fulani ndani yake, anasema kwa kinywa cha mtu huyo na kuamua atafanya nini. Jambo likiwa la kubahatisha, tunarusha dadu.

Ndani ya hadithi kuna uchawi, na kila mtu ana mwanga unaomzunguka, wenyewe wanauita aura. Mtu wa Nadine ni mwonaji. Kanuni yetu ilikuwa hivi: dadu ikimkubali, anauona mwanga wa mtu yeyote, na rangi inamwambia yote. Mweupe ni mwema, mweusi ni mbaya. Tuliipenda kanuni hiyo kwa sababu haichoshi.

Jana niliwapa kijiji ambacho kisima chake kimetiwa sumu. Nikaweka humo bibi mmoja muuza chumvi, anakaa peke yake nyumba ya mwisho. Kwa nini nilimweka, unajua wewe kama ninavyojua mimi. Nadine akarusha dadu, ikamkubali, akaniuliza anaona nini. Nikamwambia, giza limemzunguka bibi.

"Njo yeye!" Papa Kalonji akapiga meza. "Tumutoshe!"

Wakamtoa. Wakamvusha daraja na kikapu chake cha chumvi, na Papa Kalonji akasema mtu wake anachukua ufagio na kufagia nyayo za bibi ili asijue njia ya kurudi. Chai ilikuwa bado ya moto. Wakaniuliza kama wameshinda.

Nikawaambia maji bado yana sumu. Giza lile lilikuwa msiba. Bibi alikuwa amemzika mwanawe juzi. Aliyeharibu kisima ni mtu mwingine kabisa, na mwanga wake ni mweupe pe, kwa sababu hajutii kitu.

Papa Kalonji alikasirika. "Solange, unatudanganya. Giza iko giza!"

Honoré alikuwa anaizungusha dadu mkononi. "Hata jina yake hatukumuulizaka," akasema.

Hapo mimi nikalia, Yaya. Nililia juu ya sare ya mtoto wa watu, ikabidi niifue upya. Nikawaeleza habari zenu zote, giza, uani, baraza. Hakuna aliyetania, hata Papa Kalonji. Nadine akaniuliza, "Ule mutoto, mikono na miguu inavimbaka? Balimupima damu?" Nikasema sijui. "Bamupime kwanza. Magonjwa ya damu ya kuzaliwa nayo iko mingi huku kwetu. Inaendaka, inarudiaka, vile vile unasema."

Baadaye Papa Kalonji, ambaye hawezi kukaa kimya mpaka chai iishe, akaanza upya. "Kama aura iko inasema yote, shiye tuko tunafanya nini hapa? Turudie kwetu!" Na ni yeye, si mimi, aliyetoa kanuni mpya. Mwanga utaonekana, lakini hautajieleza. Mwonaji atakwenda kukaa na mwenye mwanga na kumuuliza. Tena hakuna kuchungulia bure dirishani kwa watu. Siku unapoutazama mwanga wa mwenzako, wako unawaka mbele ya wote, na hofu yako na tamaa yako zinaonekana humo. Tukarudia hadithi tangu mwanzo. Nadine alishika dadu, akafikiri sana, akairudisha mezani. "Nitamuuliza kwanza," akasema.

Najua utaniambia ule ni mchezo na haya ni maisha. Lakini mtu wa maombi alipotazama pale uani, nani alimtazama yeye? Na wewe, kama wako ungewaka, ningeona baba anayeogopa kumpoteza mwanawe. Sikulaumu. Hofu hiyo ninayo hata mimi. Ila Mama Feza alimzika dada yake, ambaye ni mama yetu, kisha akawazika wanawe wawili, na akatulea sisi bila kutugawanya. Kama giza liko juu yake, tunajua limetoka wapi.

Mwanga ambao mimi niliuona usoni kwake ni wa jiko la makaa alfajiri, akikaanga mikate ya mafuta ya kuuza ili wewe upate daftari na mimi nipate sare. Sare, Yaya. Ndizo ninazozishona leo.

Basi neno langu ni hapana. Liseme mbele ya baraza kama nilivyoliandika, usilipunguze. Mkishindwa kukaa naye, msimtoe barabarani. Mpandisheni gari la kuja huku, chumba changu ni kidogo lakini kina mlango. Na Exaucé apimwe damu wiki hii, Nadine amenisihi nikwambie.

Mama Adolphine, jirani muuza samaki, mwambie nakumbuka migebuka yake. Baba mdogo katekista namsalimu kwa heshima na namwomba afikiri tena, maana yeye ndiye aliyetufundisha sala. Shemeji Odette mwambie nalia naye.

Kwa Mama Feza usimtume mtu apeleke salamu zangu. Nenda mwenyewe chumbani kwake, kaa kwenye kigoda, umuulize amelalaje. Tangu siku ile ya uani, nadhani hakuna aliyemuuliza.

Ni mimi mdogo wako, niliyebebwa mgongoni kwa Mama Feza baada yako,

Solange